Wengi Wape

Wahenga walinena, "Wengi wape." Neno hili ni jema, maana pasipo kukubali shauri la walio wengi hakuna kijiji kiwezacho kukaa kwa amani, wala baraza liwezalo kumaliza kikao. Lakini nakuomba, msomaji, uliulize neno hili swali moja: je, wengi wana haki ya kuamua jambo wasilolijua?

Nchi yetu imelikabili swali hili mara mbili. Katiba tuliyoanza nayo uhuru mwaka 1963 ilijadiliwa London, wala wananchi hawakuipigia kura. Baadaye Bunge liliibadili mara nyingi bila kuwauliza; mwaka 1982 lilitia kifungu kilichoruhusu chama kimoja tu, na mwaka 1991 likakiondoa. Tarehe 21 Novemba 2005 wananchi waliulizwa kwa mara ya kwanza kama wanataka katiba mpya. Ndizi ilikuwa alama ya kukubali na chungwa alama ya kukataa, na chungwa likashinda. Tarehe 4 Agosti 2010 waliulizwa tena, safari hii kwa rangi: kijani kukubali, nyekundu kukataa. Watu zaidi ya milioni 6 walikubali, na wapatao milioni 2.8 wakakataa.

Mwaka huo nilikuwa kijana wa miaka 20 hapa Nyakoe. Nyanya yangu hakujua kusoma. Jioni moja, akimenya ndizi jikoni, aliniuliza, "Mjukuu wangu, wewe umekisoma kile kitabu. Je, ni chema?" Nikamjibu, "Ni chema, nyanya." Kitabu kilikuwa mezani, chenye sura 18 na vifungu 264, nami sikuwa nimesoma hata kifungu kimoja. Nilichokijua ni kelele za mikutano. Siku ya kura tulikwenda pamoja, naye akatia alama yake penye kijani kwa kuniamini mimi.

Yamkini utasema kuwa katiba ile ilileta mema, hivyo hapana kosa. Ni kweli kwamba ilileta serikali za kaunti 47 na kutaja haki zetu waziwazi. Siijutii alama niliyotia; nalijutia jibu nililotoa. Afumbaye macho akavuka barabara kuu ya Kisumu, akafika ng'ambo salama, hawezi kujisifu kuwa ajua kuvuka. Aliyesoma akakataa alistahili heshima kuliko mimi niliyekubali bila kusoma. Hata hivyo kura yangu ilimfunga yeye, ikakufunga na wewe, ambaye siku ile ulikuwa mchanga au hujazaliwa. Kura ya namna hii si mali ya mpigaji peke yake. Ni amana.

Kifungu cha 255 chasema kwamba mambo makubwa, kama haki za binadamu, muda wa Rais madarakani na ugatuzi, hayabadilishwi bila kura ya wananchi. Tena katika nusu ya kaunti, kwa uchache, ni lazima asilimia 20 ya wapiga kura walioandikishwa wajitokeze. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliyazuia mapendekezo ya kuibadili katiba kabla hayajafika kwa wapiga kura. Mengine huenda yakaja, nawe utaulizwa.

Nilikisoma kitabu chote nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu. Niliporudi nyumbani nyanya hakuwapo tena; nilikuwa na majibu, lakini muulizaji alikuwa amekwenda. Basi wengi wapewe, kama wahenga walivyoagiza, lakini kila mmoja wao ajue anachokitwaa. Anza leo na kifungu kimoja. Na mzee wako akikuuliza kabla hujasoma, usione haya kumwambia: "Sijasoma bado, nyanya, keti nikusomee, tuelewe pamoja."