Nichoke Nimefanya Nini?

Shangazi yangu ni Mkurya wa Tarime aliyeolewa ng'ambo ya Mto Mara, wilayani Serengeti, si mbali na Mugumu. Ukimuuliza habari atakujibu "nzuri" hata kama nyumba inaungua. Ndivyo alivyolelewa. Kwetu kijana anayetahiriwa hapepesi jicho. Akilia, aibu ni ya ukoo mzima. Wasichana nao walikeketwa na kuambiwa wanyamaze, na wapo wanaofanyiwa hivyo hadi leo ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18. Shangazi hakulia. Alisifiwa sana. Nadhani tangu siku ile hajawahi kupewa ruhusa ya kulia.

Basi, ndugu msomaji, mtu wa namna hiyo ndiye aliyepatwa na ugonjwa ambao, ili uujue vizuri, sharti umuulize mgonjwa mwenyewe.

Unaitwa polimayosaitisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kuishambulia misuli. Hulegea kwanza ile ya nyonga, mapaja na mabega. Kuinuka, kupanda kilima, kunyanyua mkono usuke nywele, vyote vinakuwa shughuli. Nilimsindikiza hospitali moja mjini. Walipima damu, kisha daktari kijana, mpole kwa kweli, akatoa karatasi ya maswali.

"Mama, unaweza kuinuka kwenye kiti?"

"Naweza."

Ni kweli. Kiti cha pale kilikuwa na mikono, akajivuta hadi akasimama. Nyumbani kwake kuna kigoda, na choo cha shimo cha kuchuchumaa ambako bintiye humwinua kila asubuhi kwa kumshika kwapani. Hilo halikuulizwa.

"Maumivu je?"

"Kidogo tu."

"Unapata uchovu?"

Shangazi akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Nichoke nimefanya nini, mwanangu? Shamba sijalima tangu masika."

Daktari akaandika: hana uchovu. Na mimi, msomi wa familia, nikakaa kimya.

Kwa Shangazi uchovu ni haki ya mtu aliyefanya kazi. Mwili wake ulikuwa mzito kama gunia la mahindi lililonyeshewa, lakini neno alilopewa halikuwa la uzito ule. Kwa hiyo hakudanganya. Au tuseme alidanganya? Tangu siku hiyo najiuliza: nani mwenye neno la mwisho juu ya mateso ya mtu?

Wahenga walishasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sawa. Lakini aliyekilalia akisema hakina kunguni, tufanyeje?

Wapo watakaosema achana na maneno, soma damu. Misuli ikiumia humwaga vimeng'enya kwenye damu, na vimeng'enya havina haya wala ukoo. Kweli, ila vinaweza kushuka wakati mgonjwa bado hawezi kunyanyua ndoo. Vinasema habari za msuli, havisemi habari za mwenye msuli. Macho nayo? Shangazi alipoanza vidonge vya prednisoloni uso ulimvimba ukawa duara, kama dawa hiyo inavyofanya kwa wengi. Majirani wakashangilia: "Umenenepa, umepona!" Siku hiyo hiyo alikuwa amelishwa ugali kwa mkono wa mtu mwingine.

Wataalamu wenyewe wamelihangaikia jambo hili. Mwaka 1980, huko Stanford, Marekani, James Fries na wenzake walitoa dodoso la maswali 20 linaloitwa HAQ, ambalo hutumika pia kwa magonjwa haya ya misuli. Linauliza kuhusu kufungua pakiti ya maziwa, kuoga kwenye bafu la kulala, kuingia na kutoka kwenye gari. Hebu lipeleke Mugumu hivyo hivyo! Dodoso jingine, SF-36, lina swali linalotaja hata mchezo wa gofu. Ndiyo maana lilipoletwa kwetu lilitafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Dar es Salaam, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1999. Na wagonjwa wa misuli wa nchi mbalimbali walipoketishwa waseme wenyewe, walitaja uchovu na maumivu kuwa miongoni mwa mambo makubwa yanayowatesa, wakati vipimo vya msingi vya waganga vilikuwa vimejali zaidi nguvu na damu.

Kulithibitisha dodoso, kumbe, ni kulisaili swali lenyewe. Mgonjwa ambaye hali yake haijabadilika anajibu vile vile akiulizwa tena? Jibu linaelekeana na nguvu iliyopimwa? Maneno anayaelewa alivyokusudia mwulizaji? Maisha yanayoulizwa ni yake?

Mimi nayaona haya kuwa maadili kabla hayajawa takwimu. Neno la mgonjwa ni ushahidi, tena ushahidi usio na mbadala. Lakini shahidi aliyefundishwa kunyamaza hatakiwi kulaumiwa kwa kimya chake. Deni ni la anayeuliza: kabla hujampima mtu, pima swali lako. Nasi tunaotaka kuwa waandishi tumo humo humo. Mara ngapi tumeandika "walikuwa na furaha pamoja na umaskini wao" kwa sababu tu tuliuliza habari tukajibiwa nzuri?

Likizo iliyopita nilivuka tena Mto Mara. Jioni, tukiwa jikoni, sikumuuliza Shangazi kama amechoka. Nilimuuliza: "Kitu gani ulikuwa unakifanya bila kufikiri, ambacho siku hizi unakifikiria kwanza?"

Alinyamaza mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema taratibu, bila kunitazama:

"Kugeuka kitandani."

Niliyaandika maneno hayo mawili kwenye karatasi. Kliniki ijayo tutakwenda nayo, na safari hii sitakaa kimya.