Wewe ni Nani?

Mtoto hazaliwi akijua yeye ni nani. Hulijua hilo kidogo kidogo, kwa sauti zimwitazo na kwa nyuso zimkabilizo. Kabla hajaweza kulitamka jina lake, moyo wake umekwisha kuonja kwamba watu ni wa kuaminiwa au la.

Mmoja katika walioyachungua sana mambo haya ni Erik Erikson, aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1902. Baba aliyemzaa hakupata kumjua. Mamake, Myahudi wa Denmark, aliolewa na tabibu jina lake Homberger, na mtoto akalelewa akiambiwa kuwa huyo ndiye babake. Shuleni alitukanwa kwa Uyahudi. Kwenye hekalu la Mayahudi alichekwa kwa macho yake ya buluu. Huku si wao, na huku si wao. Mwaka 1939, huko Marekani, alijichagulia jina la Erikson, na baadaye akafundisha kuwa kazi kubwa ya ujana ni mtu kuyakusanya yote aliyokuwa, hata aweze kusema: huyu ni mimi.

Wala hayo si ya Wazungu peke yao. Zama za ukoloni, serikali ilipowagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, kila fungu na kodi yake na haki zake, wako wa pwani yetu waliohangaika kutafuta nasaba za Arabuni ili wasihesabiwe pamoja na jirani zao. Siwacheki, kodi ilikuwa kodi, na dharau ilikuwa dharau. Walakini mtu aliyeiweka nafsi yake katika daftari la karani atalalaje, ilhali karani aweza kuifuta kesho? Huyo akisahihishwa neno moja hughadhibika, na hana budi kumtweza mwengine apate kujiona yu juu. Aliyetulia nafsi huambiwa "umekosa" akajibu "kweli, nimekosa", kwani kosa halimwondolei jina.

Mtume (S.A.W.) alimkuta mwanamke aitwaye Asiya, kwa ain na swadi, maana yake mwasi (si Asiya mke wa Firauni), akamwambia: wewe ni Jamila. Nasi majumbani mwetu twawaita watoto "mpumbavu" na "hufai" mbele ya wageni. Wewe, jana ulimwitaje mwanao?