Mwamba Ngoma na Haki ya Wasiosema

Kila muhula unapoanza, sisi walimu wa Kiswahili hapa Kampala hujiwa na msomaji wa namna moja ambaye hatuna budi kumheshimu. Huyu ni mtu aliyekwisha kupata ujuzi wa kutosha wa lugha, naye anataka kitabu. Lakini akipewa riwaya huirudisha kabla hajafika ukurasa wa 20. "Mwalimu," husema, "hizi ni hadithi za kubuni. Nipe mambo yaliyotokea kweli." Aghalabu ni mtu mzima: karani, muuguzi, askari mstaafu, au mfanyabiashara wa Kikuubo ambaye hana saa nyingi za kupoteza.

Wengi wetu humjibu kwa kumwonyesha rafu ya wasifu na tawasifu, yaani maisha ya watu yaliyoandikwa na wengine au na wenyewe. Jibu hilo ni jema, wala hatulipingi. Lakini limebeba swali ambalo hatujazoea kuliuliza. Je, jambo likiwa limetokea, na aliyelitenda akalisimulia, basi tumekwisha kupata ukweli wake? Na je, mtu mwenye haki ya kusimulia maisha yake ana haki pia juu ya maisha ya wote waliopita humo? Swali hili ni la maadili kabla ya kuwa la fasihi, nasi twaona kwamba anayependekeza kitabu hana budi kulijibu.

Tuanze na jambo ambalo walimu wa mji huu wapaswa kulijua na kujivunia. Tangu 1952 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere, kabla ya kuhamia Mombasa na hatimaye kufika Dar es Salaam katika mwaka 1964. Katika miaka hiyo ya Makerere, jarida la Kamati lilitoa nyongeza mbili zilizofuatana. Mwaka 1958 ulitoka Wasifu wa Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert. Mwaka huo huo na mwaka 1959 yakatoka Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Hivyo maisha ya mwanamke aliyezaliwa katika ufukara huko Fumba, Unguja, na maisha ya tajiri aliyetawala nchi kubwa upande wa magharibi wa Tanganyika, yalipita katika mikono ya ofisi moja, juu ya kilima kimoja cha mji wetu.

Msomaji apendaye mambo ya kweli atavutwa kwanza na Tippu Tip, na ana sababu. Mzee yule alikuwa amerudi Unguja na kustarehe alipoombwa na Mjerumani Heinrich Brode aandike habari za maisha yake. Zikachapishwa Ujerumani katika 1902 na 1903, miaka michache kabla ya yeye kufariki mwaka 1905. Lugha yake ni kavu na yenye haraka. Hapambi. Anasema alitoka wapi, akafika wapi, akapigana na nani, akapata frasila ngapi za pembe. Livingstone, Cameron na Stanley wanapita katika habari zake kama wageni wapitavyo barazani. Mwanafunzi aliyezoea kusoma kwamba Wazungu hao "waligundua" bara hili hushangaa kuona kwamba njia walizozipita zilikuwa zimekwisha kupitwa na wenye misafara.

Hata hivyo wahenga walinena: mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Tippu Tip ahesabu pembe, lakini wale waliozichukua mabegani mwao kwenda pwani hawana majina. Vijiji vinapigwa, watu wanatekwa, na sentensi inayofuata imekwisha kuingia safari nyingine. Tena kuna lile jambo la Utetera. Mwenyewe anasimulia jinsi alivyojitambulisha kwa mtawala mzee, Kasongo, kuwa ni mjukuu wa dada yake aliyetekwa zamani, hata mzee yule akamwachia utawala wake. Wasomi wengi wanaliona dai hilo kuwa hila. Basi tafakarini: hapa tuna kitabu cha mambo ya kweli, na katikati yake mna hadithi ya kubuni iliyompatia msimulizi nchi. Yule msomaji wetu aliyekimbia riwaya ameikuta njiani.

Je, tukiondoe kitabu hiki mikononi mwa wanafunzi? Wako wenzetu wasemao hivyo. Hoja yao ni kwamba kumpa mtenda nafasi ya kusema, na hali walioteswa hawana nafasi, ni kumdhulumu aliyedhulumiwa mara ya pili. Hoja hii ina uzito, wala haiondoshwi kwa kusema tu kwamba kitabu ni cha kale. Lakini twaona kwamba inakosea mahali pamoja. Dhuluma haiongezwi na msomaji anayemsikiliza mtenda. Huongezwa na msomaji anayemsikiliza yeye peke yake. Hakimu hamfukuzi mshitakiwa barazani kwa kuwa anajitetea. Humsikiliza, kisha huuliza, "Yuko wapi mwenzako?"

Mwenzake yupo. Katika mwaka 1934 James Mbotela alitoa kitabu kidogo, Uhuru wa Watumwa, kieleza habari za watu waliotekwa, wakaokolewa na kuletwa Frere Town karibu na Mombasa. Mbotela alikuwa mtoto wa mtu aliyepita katika msiba huo. Ndani yake wale wasiokuwa na majina katika misafara wanaanza kuwa na baba, mama na kijiji walichotoka. Msomaji akikisoma kitabu hiki baada ya kile cha Tippu Tip, ataelewa maana ya methali isemayo asiyekuwepo na lake halipo. Lakini naye asimwache Mbotela bila swali. Mwandishi huyu ana shukrani nyingi kwa Waingereza, akiandika wakati walipokuwa wakitawala, na shukrani nayo huvuta ngozi upande wake. Kuwa upande wa walioumizwa hakumwondolei mtu wajibu wa kupimwa. Humpa haki ya kusikilizwa kwa makini zaidi.

Sasa tuje kwa Siti binti Saad. Hapa msemaji si mwenye maisha bali ni Shaaban Robert, naye hakuficha kwamba anamsifu. Ametueleza habari za mtoto wa mfinyanzi aliyekuwa akiuza vyungu, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa, hata akawa mwimbaji ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Wengine wanalalamika kwamba sifa zimezidi, na kwamba Siti mwenyewe hasikiki vya kutosha kwa kuwa mwandishi anamtumia kufundisha adili. Twakubali. Lakini tukumbuke kwamba katika jamii iliyompa mtoto jina la Mtumwa, kulikuwa na watu wengi wa kumdharau na wachache wa kumwandika. Sifa ikitolewa kwa mwenye nguvu ni kujipendekeza. Ikitolewa kwa aliyedharauliwa yaweza kuwa malipo ya deni. Mizani ile ile haiwezi kutumika bila kuangalia ni nani aliyewekwa juu yake.

Shaaban Robert huyo huyo aliandika pia Maisha Yangu, na baadaye Baada ya Miaka Hamsini. Msomaji atafutaye siri hatazipata humo. Utoto wake ameupita karibu kimya. Anatueleza ndoa, msiba wa kufiwa na mke, kazi ya ukarani chini ya serikali ya kikoloni, na mawaidha aliyowatungia watoto wake. Je, kunyamaza kwake ni sawa na kunyamaza kwa Tippu Tip? Twadhani sivyo, na tofauti hii ndiyo kiini cha makala haya. Liko jambo liitwalo sitara: mtu hufunika jeraha lake mwenyewe, au la wa nyumbani mwake, kwa kuwa halimdhuru mtu kulifunika. Na liko jambo jingine, nalo ni kufunika jeraha ambalo wewe ndiwe uliyemtia mwenzako. La kwanza ni haki ya kila binadamu, hata mwandishi. La pili ni deni lililokanwa. Basi msomaji akikuta kimya katika kitabu asikimbilie kulaumu. Aulize kwanza ni jeraha la nani lililofunikwa.

Twaweza kusema haya kwa utulivu tukizungumza habari za Utetera na Fumba. Uganda ni jambo jingine. Nchi yetu haikukosa waandishi wa maisha. Ham Mukasa aliandika habari za safari aliyokwenda Uingereza mwaka 1902 pamoja na Katikiro Apolo Kagwa, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka 1904. Kabaka Mutesa II, baada ya kasri yake ya Mengo kushambuliwa katika Mei 1966, alitoa kitabu chake akiwa uhamishoni mwaka 1967. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri katika serikali ya Idi Amin, alitoroka 1977 na mwaka huo huo akatoa kitabu kilichowaonyesha walimwengu unyama uliokuwa ukitendeka hapa. Wapo wanaouliza hata leo kama mtu aliyetumikia serikali ile ana haki ya kuwa shahidi dhidi yake. Jibu letu ni kwamba shahidi aliyekuwa ndani aliona yale ambayo aliye nje hakuyaona, na kwamba ushahidi wake hautufungi tusimwulize habari zake mwenyewe.

Lakini vitabu hivyo ni vya wakubwa. Wadogo bado hawajasema, nasi tunamjua mmoja wao. Ni mzee wa mtaani kwetu, aliyekuwa karani katika miaka ile ya 1971 hadi 1979. Tulimwomba aandike maisha yake, kwa kuwa ana kumbukumbu nzuri na Kiswahili safi. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wanangu, nikiandika maisha yangu sina budi kuandika siku alipochukuliwa jirani yangu. Na nikiandika siku hiyo, sina budi kumtaja aliyepeleka jina lake kwa askari. Naye amekwisha kufa. Wajukuu zake wanasoma shule moja na wajukuu zangu."

Tulirudi nyumbani bila jibu, na tumelifikiri jambo hili tangu siku hiyo. Wajukuu hawana kosa. Kuwavika aibu ya babu yao ni kuwaadhibu wasiotenda. Lakini jirani yule naye aliacha watoto, na watoto hao hawajui baba yao alichukuliwa kwa neno la nani. Kimya kikiwasitiri hawa kinawanyima wale. Hapa sitara ya mmoja imekuwa dhuluma kwa mwingine, na haitoshi kusema kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu.

Tukipima kwa kanuni tuliyoitaja, twaona kwamba ukweli huu una wenyewe, na wenyewe wa kwanza si umma wala si sisi wapenzi wa vitabu. Ni wana wa yule aliyechukuliwa. Mzee awaambie wao kwanza, kwa mdomo, na jina atoe. Kitabuni aandike tendo lote bila kulipunguza, na jina aliache mpaka wenye msiba waseme wanavyotaka. Kwa njia hii historia haidanganywi, mwenye haki hanyimwi, na mtoto asiye na kosa hasimangwi darasani. Tulimpelekea shauri hilo. Alishukuru, akasema atalifikiri. Hajaandika bado, nasi hatuna ruhusa ya kumsukuma, maana atakayekaa na majirani hao baada ya kitabu kutoka ni yeye, si sisi.

Tutaongeza neno moja juu ya lugha. Wazee wengi wa Kampala walikisikia Kiswahili kwanza katika vizuizi vya barabarani, kikiamrisha. Tangazo la 1973 lililokifanya lugha ya taifa lilitoka kwa mtawala yule yule, na jina la lugha likachafuka pamoja naye. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilipewa cheo cha lugha rasmi ya pili. Lakini cheo hakifuti kumbukumbu. Kitakachoisafisha lugha hii mbele ya watu wetu ni kusikika ikisimulia yale yaliyotendwa kwa jina lake. Vitabu vya Mutesa na Kyemba vimeandikwa kwa Kiingereza. Maisha ya karani, ya muuza ndizi wa Nakasero na ya mjane wa askari yangefaa yaandikwe kwa lugha ambayo waliamriwa kwayo.

Basi kwa yule msomaji atakayekuja muhula ujao twapendekeza utaratibu huu. Aanze na Tippu Tip, na mara amalizapo asome Mbotela kabla hajatoa hukumu. Kisha asome Wasifu wa Siti, na Maisha Yangu baada yake, apate kumwona mwandishi mmoja akisema habari za mwingine na habari zake. Mwishoni, kama anakijua Kiingereza, asome Mutesa na Kyemba. Katika kila kitabu ajiulize mambo matatu: ni nani anayesema, ni nani anayesemwa, na ni nani aliyekuwapo siku ile lakini hakupewa neno. Akiisha kulizoea swali hilo la tatu, ampelekee bibi au babu yake nyumbani, akae chini, asikilize.