Neno Lisilo na Sahihi: Madaraka na Dhima katika Kijiji cha Gatwekera

Katika kamusi za Kiswahili za mwanzo wa karne ya 20, neno daraka halikumaanisha kwanza uwezo wa kuamuru. Lilimaanisha wajibu, dhima, jambo ambalo mtu amejitwika na ambalo ataulizwa. Mtu alichukua daraka kama achukuavyo mzigo. Kenya ilipopata serikali ya ndani tarehe 1 Juni 1963, siku hiyo ikaitwa Siku ya Madaraka, na jina hilo lilibeba maana zote mbili: kwamba wananchi wamepata uwezo wa kujitawala, na kwamba wamejitwika dhima ya kujitawala. Miongo iliyofuata imeikata maana hiyo katikati. Mwenye madaraka, katika matumizi ya leo, ni yule anayeamuru. Atakayeulizwa ni mwingine, na mara nyingi hajulikani ni nani.

Makala haya yanauchunguza mtengano huo. Hayakusudii kuthibitisha kwamba watawala ni wabaya, hoja ambayo fasihi ya Kiswahili ya baada ya uhuru imeirudia kiasi cha kuichosha. Swali lake ni la namna: ni kwa njia gani mtu anaweza kuamuru, amri yake ikatekelezwa, naye asiwe na la kujibu? Kielelezo kilichochaguliwa ni kijiji cha Gatwekera, kimojawapo cha vijiji vinavyounda mtaa wa Kibera jijini Nairobi, kwa sababu hapo njia hiyo inaonekana waziwazi kuliko katika majumba ya serikali.

Asili ya Kibera yenyewe ni ahadi isiyoandikwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles waliruhusiwa kukaa katika msitu uliokuwa viungani mwa mji, na mwaka 1918 eneo la ekari zaidi ya 4,000 likatangazwa kuwa hifadhi ya jeshi. Hawakupewa hati. Serikali ya kikoloni iliwahesabu kuwa watu wanaokaa kwa ridhaa yake, ridhaa ambayo ingeweza kuondolewa wakati wowote. Uhuru ulipokuja, ardhi ikabaki kuwa ya serikali, na pamoja na ardhi ikarithiwa ile desturi ya kukaa kwa ridhaa. Watu wakaongezeka, mabanda ya udongo na mabati yakaongezeka, na ridhaa ikahitaji mtu wa kuitoa. Mtu huyo akawa chifu.

Kwa miongo mingi, mkazi wa Gatwekera aliyetaka kujenga banda, kuongeza chumba, au hata kubadilisha bati lililotoboka, alimwendea mzee wa kijiji, na mzee akamfikishia habari chifu au naibu wake. Kibali kilitolewa kwa mdomo. Kilipolipiwa, hakikutolewa stakabadhi. Mwenye banda akawapangisha watu vyumba, mara nyingi yeye mwenyewe akiishi kwingine, na mpangaji akalipa kodi kila mwezi kwa mapatano ambayo nayo hayakuandikwa. Kwa hiyo chumba kimoja cha mita tatu kwa tatu kimesimama juu ya maneno matatu: la serikali kwa chifu, la chifu kwa mwenye banda, la mwenye banda kwa mpangaji. Banda likibomolewa, chifu husema hakuna kibali kilichotolewa, naye husema kweli kwa maana ya kisheria, maana sheria haikumpa uwezo wa kukitoa. Hapa pana jambo la kushangaza kwa mwanafalsafa: mamlaka yanayofanya kazi kila siku, yenye bei inayojulikana na kila mtu, ambayo rasmi hayapo.

Wepesi wa kulaumu mdomo na kusifu karatasi unafaa kuepukwa. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanajua vyema kwamba neno la mdomo si neno lisilo na mwenyewe. Katika jamii za pwani ndoa, mikopo na mipaka ya mashamba ilisimama karne nyingi juu ya maneno yaliyosemwa mbele ya mashahidi, na aliyeyakana aliharibikiwa na jina. Fanani anapopotosha ngano, hadhira yake humkatiza. Kinacholifunga neno la mdomo ni kuwapo kwa msikilizaji mwenye haki ya kusema, "Hivyo sivyo ulivyosema." Msikilizaji wa namna hiyo ndiye aliyekosekana katika baraza la chifu. Sheria ya Mamlaka ya Machifu, iliyotungwa wakati wa ukoloni mwaka 1937, ilimpa chifu uwezo wa kuamuru mengi na raia uwezo wa kutii. Ilidumu hadi mageuzi ya mwaka 1997 ndipo makali yake yakapunguzwa. Anayeweza kukukamata hawezi kuwa na shahidi dhidi yake katika mkutano wake mwenyewe. Karatasi basi haina utukufu wowote wa asili. Ni shahidi wa badala, ambaye hawezi kutishwa kwa urahisi.

Yaliyotokea mwishoni mwa mwaka 2001 yanalipeleka swali hili juu zaidi ya chifu. Rais Daniel arap Moi alitamka hadharani kwamba kodi za nyumba katika Kibera ni kubwa mno na zapaswa kupunguzwa. Raila Odinga, aliyekuwa Mbunge wa Lang'ata, jimbo ambalo Kibera ilikuwa sehemu yake wakati huo, na Waziri wa Kawi, aliunga mkono rai hiyo. Wapangaji wengi waliipokea kama amri iliyokwisha kutolewa, wakaacha kulipa kodi ya zamani. Wenye nyumba, wengi wao Wanubi, waliona wamenyang'anywa mali kwa hotuba. Mapema Desemba mapigano yakazuka, watu zaidi ya kumi wakauawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakahama, na polisi waliotumwa kutuliza ghasia wakalaumiwa na wakazi kwa kuwapiga.

Kauli ile haikuwa sheria. Lakini sheria ilikuwapo. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, ilikuwa imeunda mahakama maalumu ya kusikiliza mashauri ya nyumba zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kodi za vyumba vingi vya Kibera zilikuwa chini ya kiwango hicho. Njia ya kupunguza kodi kwa utaratibu ilikuwa wazi, ya polepole, yenye majina na tarehe. Ikachaguliwa hotuba. Si vigumu kuona sababu. Uamuzi wa mahakama humletea mtoaji wake lawama za upande mmoja, na unaweza kukatiwa rufani. Hotuba huleta vigelegele papo hapo, na ikizaa maafa msemaji ana kimbilio: alikuwa akitoa maoni tu. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini deni linahitaji mdai anayeweza kusimama mbele ya mdaiwa na kumwonyesha kiasi. Mpangaji wa Gatwekera angesimama wapi?

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), inalitazama tatizo hilihili kutoka upande wa msemaji, na ndiyo maana inafaa kusomwa pamoja na matukio haya. Kinjeketile anatoa neno la maji, neno linawaunganisha watu, kisha linamshinda nguvu. Yeye anataka wasubiri. Wao wanataka vita, na wanavitaka kwa jina lake. Wahakiki wengi wamelichukua jambo hili kama msiba wa kiongozi aliyezidiwa na historia. Usomaji huo ni sahihi lakini haujafika mwisho. Linalomtenga Kinjeketile na wasemaji wengine ni mwenendo wake baada ya neno kushindwa. Yuko kifungoni, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua Wajerumani watalitumia tamko hilo kuwaambia watoto wa baadaye kwamba wazee wao walikosea kupigana. Msomaji anaweza kuuhukumu uamuzi huo vyovyote apendavyo. Pengine ukweli ungewastahilia zaidi waliokufa. Lakini Kinjeketile hasemi kwamba hakusema. Analibeba neno lake hata pale ambapo maana yake imegeuzwa na wengine, na gharama yake anailipa kwa mwili wake. Hilo ndilo daraka kwa maana ya zamani.

Hapana budi kulikabili pingamizi moja zito. Inaweza kudaiwa kwamba kumbebesha msemaji matokeo ya neno lake ni kuwavua wasikilizaji utu wao. Waliochoma nyumba mwaka 2001 walikuwa watu wazima wenye akili. Hakuna aliyewaambia wachome. Wenye nyumba nao hawakuamriwa kuwapiga wapangaji wao. Pingamizi hili ni la haki kwa kiasi chake, na mtu aliyebeba kiberiti ana hesabu yake mwenyewe ambayo hakuna rais awezaye kumlipia. Hata hivyo dhima si mkate, kwamba akipewa huyu kipande yule amepungukiwa. Wawili wanaweza kuwa na dhima kamili ya jambo moja. Zaidi ya hayo, msikilizaji wa Kibera hakuwa na njia ya kupima kama alichosikia ni rai au ni amri. Katika mahali ambapo kila kibali, tangu cha kujenga hadi cha kubadilisha bati, huja kwa mdomo wa mwenye cheo, maneno ya mwenye cheo kikubwa kuliko vyote yangepokewaje isipokuwa kama kibali? Watu walikuwa wamefundishwa na serikali yenyewe kwamba amri haina sura nyingine. Aliyejenga desturi ya kuamini neno tupu hawezi kushangaa kwamba neno lake limeaminiwa.

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kuvirudisha viwili hivi pamoja. Ibara ya 1 inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Ibara ya 73 inayaita mamlaka ya afisa wa serikali kuwa ni amana ya umma. Ibara ya 47, ambayo hutajwa mara chache katika mijadala ya wanafasihi ingawa ingewahusu sana, inampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Tangu uchaguzi wa mwaka 2013 mpiga kura wa Gatwekera amekuwa akichagua watu sita kwa siku moja: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, na mwakilishi wa wadi, yaani wadi ya Sarang'ombe. Kura sita ni nyingi. Lakini hakuna hata moja inayomgusa chifu, ambaye huajiriwa na serikali ya kitaifa, wala mzee wa kijiji. Wale wanaoamua kuhusu paa lake hawamo katika karatasi za kura.

Wingi wa ofisi nao umekuwa maficho mapya. Tarehe 23 Julai 2018 nyumba, shule na sehemu za ibada katika vijiji kadhaa vya Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu wapatao 30,000 wakabaki bila makao, ilhali palikuwa na maafikiano kati ya taasisi za serikali kwamba wakazi wahesabiwe na mpango wa kuwahamisha ukamilishwe kwanza. Mwaka 2020 baadhi ya majukumu ya Kaunti ya Nairobi, kama afya na uchukuzi, yalihamishiwa kwa chombo cha serikali ya kitaifa kilichoongozwa na jenerali, kisha yakarudishwa mwaka 2022. Mkazi hakuulizwa wakati wa kwenda wala wakati wa kurudi. Methali husema mkubwa ni jalala: kila uchafu na kila lawama hutupwa kwake, naye hana budi kuvumilia, kwani huo ndio ukubwa. Katika Gatwekera methali imepinduliwa. Lawama hushuka kutoka wizarani hadi kaunti, kutoka kaunti hadi kwa chifu, na hatimaye humwangukia mpangaji mwenyewe, kwamba alijenga mahali pasipostahili.

Shaaban Robert aliona mapema kwamba utawala wa namna hii huogopa utaratibu kuliko uasi. Katika Kusadikika (1951) Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno si kwa kuchukua silaha bali kwa kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria, na nchi anamoshtakiwa inaelea angani, haina ardhi ya kukanyaga. Ni vigumu kupata picha inayomfaa zaidi mtu anayeishi juu ya ardhi ya ridhaa.

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala, inayotekeleza ile Ibara ya 47. Mpangaji au mwenye banda aliyekataliwa kubadilisha bati anaweza, chini ya sheria hiyo, kuomba sababu ya kukataliwa kwake. Ombi lenyewe halihitaji wakili wala kiongozi mpya. Linahitaji karatasi moja, jina la aliyekataa, na tarehe.