Shahidi wa Vita na Shahidi wa Shairi



Askari wa Burundi walianza kwenda Somalia Desemba 2007, na wengi wao, vijana wa rika letu, hawakurudi hai. Kijana wa namna hiyo akifa, hapa Bwiza shairi la kumlilia huzunguka kwenye simu kabla maiti haijafika. Husema amelala, ua limechumwa, shahidi amekwenda peponi. Nauliza: je, ni halali kukipamba kifo hicho kwa maneno mazuri?

Tuanze na neno lenyewe. Shahidi ni aliyeuawa katika njia ya Allah, na shahidi pia ni aliyeona jambo akasimama kusema alichokiona. Imamu Bukhari aliweka katika Sahihi yake mlango kwamba haisemwi fulani ni shahidi. Amepokea pia habari ya mtumishi aliyeuawa kwa mshale baada ya Khaybar. Watu wakampongeza kwa shahada, Mtume (s.a.w.) akawakatalia, kwa sababu ya nguo aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa. Hukumu za dhahiri za mazishi ni jambo jingine, lakini cheo cha mtu mbele ya Allah hatukijui. Mshairi anayekigawa anatoa asicho nacho.

Washairi waliochukia vita waliukwepa urembo huu kwa mbinu zao. Mwingereza Wilfred Owen aliuawa Ufaransa tarehe 4 Novemba 1918, akiwa na miaka 25, wiki moja kabla ya vita kusimama. Katika baadhi ya mashairi yake alitumia vina vinavyokaribiana bila kulingana. Sikio hungoja kina kitimie, nacho hakitimii, kama umri wa kijana uliokatwa. Sisi tuliokulia kwenye utenzi, wenye mistari mitatu inayolingana vina na wa nne unaobeba kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, tunajua utulivu unaoletwa na vina kamili. Katika habari ya kijana aliyelipuliwa, utulivu huo unaweza kutufanya tuone kwamba kila kitu kimekaa mahali pake.

Mbinu nyingine ya kupamba ni kumficha aliyewatuma vijana. Mfano uko karibu, Dar es Salaam, kwenye Sanamu ya Askari iliyowekwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika na kufa katika vita vya Waingereza na Wajerumani. Maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, na yanaahidi kwamba watoto wa waliokufa watayakumbuka majina yao. Sanamu yenyewe haitaji jina la marehemu hata mmoja, wala haisemi ugomvi ulikuwa wa nani. Kipling alikuwa amempoteza mwanawe John, mwenye miaka 18, vitani mwaka 1915. Uchungu aliujua, na bado maneno yake yakaficha.

Kuna atakayeniambia: mama mfiwa anahitaji faraja, mbona unamnyang'anya? Simnyang'anyi. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia mbele ya watu, akafundisha kwamba machozi na huzuni havina lawama, ila ulimi usiseme lisilomridhisha Mola. Huo ndio mpaka wa mshairi. Tashbihi, takriri na maswali ya balagha ni namna ya kulia, na kulia tumeruhusiwa. Kusema "Allah amkubali" ni dua. Kusema "yuko peponi" ni kutoa ushahidi wa kitu ambacho hatukukiona. Sura ya Ash-Shu'araa inawalaumu washairi wasemao wasiyoyatenda, kisha inawaepusha na lawama hiyo walioamini na kutenda mema.

Kwa hiyo, mwenzangu unayetunga, mtaje kijana kwa jina lake. Sema alikuwa na umri gani, alifia wapi, na nyumbani alikuwa akimlipia nani karo. Uliza nani alimtuma, na kwa faida ya nani. Daraja ya shahidi wa vita mwachie Allah. Wewe beba ushahidi wa ulichokiona, maana huo utaulizwa Siku ya Kiyama.

Wallahu a'lam.