Pikipiki Unayoilipia Iwe Yako

Kila jioni kwenye vijiwe vya bodaboda, kuanzia Mwanjelwa kule Mbeya mpaka Buguruni jijini Dar es Salaam, kuna dakika chache ambazo utani hukatika. Vijana wanageuzia barabara migongo na kuhesabu noti. Ya mafuta ya kesho inawekwa pembeni, ya kula nyumbani nayo pembeni, inayobaki, ile hesabu ya siku, inatumwa kwa simu kwa tajiri, mwenye pikipiki. Ikipungua elfu moja, simu inaita kabla hujafika kwako. Ikitimia, kimya.

Mdogo wangu unayetuma hiyo hela, makala haya ni yako. Kila ukiulizwa kwa nini huna chombo chako unajibu kwamba huna mtaji. Sikubaliani na wewe hata kidogo. Mtaji unao, unaushika kwa mkono wako kila siku, kisha unautumia kumnunulia mwenzako pikipiki.

Hebu tupige hesabu, ile ya shuleni. Tuseme mmekubaliana 8,000 kwa siku na unafanya kazi siku sita. Kwa wiki ni shilingi 48,000. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo umeshampelekea 2,496,000. Ukiingia na kiasi hicho kwenye maduka ya pikipiki ya Kariakoo, hutoki mikono mitupu. Na huo ni mwaka mmoja tu. Wangapi kijiweni kwako wana mwaka wa nne sasa, wamekalia pikipiki ya tatu ya tajiri yuleyule, na bado wanasema wanajipanga?

Simsemi vibaya tajiri. Aliweka fedha yake, akabeba hofu ya wizi na ajali, na pengine ndiye aliyekupa kazi siku ambayo ndugu zako walikuzungusha. Mshukuru. Lakini shukrani haina haja ya kudumu miaka minne.

Ninachokusukuma kukitafuta ni pikipiki ya saizi ya kati, cc 125 hadi 150. Ya cc 100 inakula mafuta kidogo, ndiyo, ila mpakie mtu mzima na gunia lake la viazi uianze barabara ya Mombo kwenda Lushoto, utaisikia inavyolia kona baada ya kona. Madude ya cc 250 waachie wanaotembea kwa starehe. Bei yake, mafuta yake na vipuri vyake vitakumaliza. Hapo katikati ndipo zilipo Boxer na TVS HLX, zote za India, pamoja na kundi kubwa la Wachina. (Boxer tunayoiita 150 kwa kweli ni cc 144.8, lakini hakuna abiria aliyewahi kudai punguzo kwa sababu hiyo.) Injini zake ni za silinda moja inayopozwa kwa upepo, na fundi aliye chini ya mwembe anaweza kuifungua na kuifunga siku hiyohiyo. Zipo Honda na Yamaha zinazouzwa kwenye minada ya taasisi na miradi, zile za mabwana shamba, ngumu kama nini. Kabla hujanyoosha mkono mnadani, ulizia kwanza kipuri chake kinapatikana wapi na kwa shilingi ngapi.

Sasa fedha. Njia ya kwanza ni ya polepole na ndiyo ninayoipenda: jiwekee hesabu ya pili. Elfu mbili tu kila siku ya kazi inakupa 624,000 kwa mwaka. Haitoshi? Haitoshi peke yake. Ingia kwenye mchezo wa watu kumi wa kijiweni, kila mmoja atoe 20,000 kwa wiki, na zamu yako ikifika unapokea 200,000 kwa mkupuo, uipeleke moja kwa moja kwenye kibubu kabla haijazoea mfuko. Ukiona kibubu cha mbao kinakushinda usiku wa mechi, weka benki au kwenye kikoba cha simu ambako kutoa hela kunahitaji watu wengine waidhinishe. Kuna wanaojiamini kwamba wana nidhamu. Mimi naamini zaidi kufuli ambalo ufunguo wake anao mwingine.

Ya pili wengi wanaisikia redioni na kuipuuza. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Mikopo hiyo kwa kawaida inapitia vikundi, na kijiwe chenu tayari ni kikundi, kina mwenyekiti, kina mhazini, kina hata faini ya kuchelewa mazishi. Kinachokosekana ni karatasi. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Utazungushwa? Huenda. Lakini wewe unayemsubiri abiria juani saa tatu nzima ukashindwe kusubiri kwenye benchi la ofisi ya kata?

Halafu kuna mkataba, ile njia ya kupewa pikipiki mpya leo na kuilipa kila siku mpaka iwe yako. Siipigi vita. Imewatoa vijana wengi. Nakuomba tu uizidishe kabla ya kusaini. Mkataba wa 12,000 kwa siku, siku sita, kwa wiki 60, ni shilingi 4,320,000. Uliza bei ya taslimu ya pikipiki ileile, toa, uangalie tofauti hiyo kwa macho makavu. Hiyo ndiyo bei ya kutosubiri. Kuna wakati inafaa kuilipa. Ila uliza pia kadi ya usajili itaandikwa jina la nani na utakabidhiwa lini, ikiibiwa nani anabeba hasara, na ukilazwa wiki mbili deni linasimama au linatembea. Mwenye mkataba akijibu "hayo usijali", jali. Usiweke dole gumba mpaka yaandikwe.

Mpya au ya mkononi? Ukiwa na fedha kamili, chukua mpya, ya aina ambayo wenzako watano kijiweni wanayo, ili hata ikizima usiku kuna wa kukuazima plagi. Lakini usiidharau ya mkononi. Pikipiki ya mwalimu aliyeitumia kwenda shule na kurudi, au ya muuguzi wa zahanati, ina maisha marefu mbele yake, na bei yake inaweza kukuokoa mwaka mzima wa deni. Ninayokuonya nayo ni ile iliyotoka kijiweni, ikapakwa rangi, ikavalishwa siti mpya na stika za timu, kisha dalali anakuambia "injini haijaguswa". Swali la maana ni nani alikuwa anaiendesha na kwa kazi gani. Mengine chombo chenyewe kitakujibu.

Nenda asubuhi, na ufike mapema kuliko mlivyopatana. Kabla salamu hazijaisha, sogeza kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaipasha, na injini iliyopashwa inaficha mengi. Omba chai, kaa, isubiri ipoe. Ikishapoa piga kiki wewe mwenyewe. Ikikubali kwa kiki ya kwanza au ya pili bila kubembelezwa, vizuri. Mwambie mtu avute mafuta taratibu huku wewe umesimama nyuma ya bomba. Mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi unaopotea baada ya muda usikutishe. Moshi wa bluu unaozidi kila akivuta ni oili inayoungua ndani. Ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na hapo unanunua injini ya kufungua. Kisha inama usikilize ubavuni. Mlio kama wa mnyororo unaoburuzwa ndani ya bati mara nyingi ni cheni ya taimingi. Yenyewe inatengenezeka, lakini muuzaji akuondolee hiyo hela kwenye bei.

Iweke kwenye stendi kubwa. Shika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, bushi au bearingi zimekwisha. Mtu akalie nyuma gurudumu la mbele liinuke, kisha zungusha usukani polepole kutoka upande hadi upande. Ukikwama kidogo katikati, bearingi za shingo zimeliwa. Tazama meno ya sproketi ya nyuma: yakiwa yamechongoka na kuinamia upande mmoja, ujue kuna cheni na sproketi za kununua. Simama nyuma kabisa, funga jicho moja, uone kama magurudumu mawili yamekaa mstari mmoja. Pikipiki iliyokula mzinga mkubwa inaweza kupakwa rangi ya harusi, fremu itaisaliti tu. Iendeshe mwendo mdogo kwenye barabara tambarare, legeza mikono bila kuiachia, uone kama inavuta upande.

Mwisho wa yote chukua kitambaa, futa vumbi kwenye shingo ya fremu mpaka namba ya chesesi isomeke. Isome tarakimu moja moja huku mwenzako ameshika kadi. Fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini. Herufi moja ikitofautiana, au ukiona palipopigwa msasa, rudisha ufunguo, shukuru kwa chai, ondoka. Bei hata ikiwa ya kutupa, ondoka. Ukinunua pikipiki ya wizi utapoteza chombo, utapoteza fedha, na usiku huo utakuwa kituoni unajieleza.

Ukiridhika, makubaliano yaandikwe mbele ya mwanasheria au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na malipo yapite benki au simu ili yaache alama. Kisha usikae hata wiki: nenda TRA ubadilishe umiliki. Wapo wanaotembea miaka mitatu na kadi ya mtu mwingine kwa sababu "jamaa ni mwaminifu". Jamaa akifa, unabaki na warithi wake.

Najua kuna sauti nyingine nyumbani, ya mama. Mama hataki kusikia habari ya pikipiki; ameona vijana wa jirani wakipelekwa MOI, hospitali ya mifupa, na wengine wakirudi na magongo. Usimcheke. Mwonyeshe leseni yako, mwonyeshe bima ndogo iliyo hai, na helmeti mbili, yako na ya abiria, zilizonunuliwa kwenye bajeti ileile ya pikipiki. Kama bajeti haitoshi helmeti, basi haijatosha pikipiki. Kisha mweleze jambo ambalo mimi naliona kubwa: anayeendesha chombo chake anaweza kukataa. Anaweza kukataa mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, akalaza pikipiki mvua ikichachamaa, akamwambia mlevi wa saa nane usiku atafute usafiri mwingine, na kesho hakuna wa kumfokea kwa sababu hesabu haikutimia.

Wala simsemeshi dereva wa bodaboda peke yake. Dada unayeuza maziwa kwa baiskeli, mitaa unayoifikia kabla hayajachacha inahesabika. Kwa cc 125 ungeifikia mingine mingi. Fundi bomba unayekodi boda kwenda kila kazi na kurudi, andika nauli zako za mwezi mmoja tu, uone. Na dada akisikia kwamba pikipiki ni ya wanaume, aulize ni kifungu gani cha sheria.

Ukishaipata, mwaga oili iliyomo uweke mpya siku hiyohiyo, hata kama muuzaji ameapa kwa jina la babu yake. Inaingia karibu lita moja tu, na ndiyo inayobeba uhai wa injini yote. Nunua kufuli la gurudumu. Anzisha daftari. Endelea kutenga hesabu uliyokuwa unampelekea tajiri, kwa kiasi kilekile na siku zilezile, kwenye akaunti yako mwenyewe. Humo zitatoka tairi, bima na cheni, na ukiivumilia, itatoka pikipiki ya pili, ambayo utampa kijana mwingine. Ukifika hapo, mwekee masharti ambayo wewe ungependa kuwekewa.

Wiki hii usinunue kitu. Mtafute fundi unayemwamini, mlipe soda, akusikilizishe injini tatu: nzima, inayoanza kuchoka na iliyokufa, mpaka uzitambue ukiwa umefumba macho. Pita maduka matatu uulize bei ya taslimu ya chombo unachokitaka, uandike zote. Ijumaa mpitie yule afisa wa kata, na ukienda, nenda na mwenyekiti wa kijiwe na mhuri wake.