Barua ya Padre: Nundu ya Mguuni



Wengi wenu mmeuliza mbona madhabahuni mmemwona padre mgeni, na wengine mmesikia ya kwamba tumekatwa mguu. La, hatukukatwa. Tulipasuliwa nundu iliyokuwa kando ya kidole gumba cha mguu wa kulia. (Ukurasa huu umezoea kusema "sisi", basi msidhani tulilazwa wengi. Mguu ulikuwa mmoja tu.)

Nundu hii si jipu, wala si kazi ya mchawi kama ilivyonong'onwa kisimani. Ni mfupa uliohama. Mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba husogea kuelekea mguu wa pili, na kidole chenyewe hulalia wenzake, hata pembeni patokee kifundo kinachosuguliwa na kiatu kila hatua. Mara nyingi ni jambo la ukoo. Mama yetu mzazi alikuwa nayo. Viatu vya kubana mbele huizidisha, nasi tulivipenda sana viatu hivyo wakati wa ujana.

Kwa miaka 15 tuliificha. Masomo yalipokuwa yakisomwa, tulikivua kiatu chini ya kanzu, tukakivaa tena kabla ya kusimama kwa Injili. Mnajua kila Alhamisi Kuu huwa tunawaosha miguu watu 12. Twaungama kwamba tulipopiga magoti mbele yenu na beseni, tulikuwa tukishukuru moyoni kuwa kazi yetu ni kuosha, si kuoshwa.

Juu ya upasuaji wenyewe hatuna mengi. Tulichomwa sindano ya ganzi, daktari akaukata mfupa, akausogeza mahali pake, akaukaza kwa skrubu ndogo mbili. Ndugu mmoja alikuwa ametukumbusha habari za Mfalme Asa, aliyeugua miguu uzeeni akawaendea waganga (2 Nyakati 16). Twamjibu kwamba kosa la Asa lilikuwa kumwacha Bwana. Luka naye alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Sisi tuliomba, kisha tukaenda hospitali.

Kazi ilianza tuliporudi nyumbani. Wiki 2 za kwanza mguu ulipaswa kuinuliwa juu kuliko moyo karibu mchana kutwa, na nyuzi zisipate maji. Kwa wiki 6 tulitakiwa kukanyaga kwa kisigino tu, ndani ya kiatu cha soli ngumu tulichopewa. Yule kiwete wa Mlango Mzuri alirukaruka saa ile ile Petro alipomshika mkono (Matendo 3). Sisi tulipewa wiki 6, nazo ni ndefu kwa mtu aliyezoea kuwatazama wagonjwa, si kutazamwa.

Mama Padre alikuwa kwao akimwuguza babaye. Siku ya 4 alibisha hodi mzee mmoja wa mtaa wetu, fundi viatu, ndoo ya maji mkononi. Alitaka kufagia, kupika uji na kututazama. Tulimwambia kwamba yupo kijana anayetusaidia. Hakuwapo kijana. Ulikuwa uongo, nasi tunauandika hapa kwa sababu aliyeambiwa ni mwenzenu, naye hakumsimulia mtu. Alishukuru, akarudi na ndoo yake, na sisi tukajikokota kwa magongo hadi bombani.

Nyuzi zilitolewa salama. Tukajiona tumepona. Wiki ya 3 tukavaa kiatu cha kawaida tukaenda kuzika, tukasimama kaburini muda wa saa nzima juani. Jioni mguu ulivimba hata kidole kikang'aa kama nyanya. Kesho yake daktari alitukaripia mbele ya wauguzi, na tulistahili. Akapiga picha ya eksirei. Mfupa haukuwa umehama, ashukuriwe Mungu, lakini tulirudishwa kitandani kama mtoto mtoro.

Siku hiyo hiyo mzee akaja tena. Hakuomba ruhusa. Alimimina maji ya vuguvugu katika beseni, akauchukua mguu uliokuwa na kovu jekundu na ngozi inayobambuka, akauosha polepole, akipita kati ya vidole. Tulianza kujitetea kwamba haupendezi kutazamwa.

"Padre," akasema, "viatu vyako nimevishona mimi miaka yote hii. Kila mara hupasuka pale pale. Nundu hii naijua kabla ya daktari." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na huyo kijana wako yuko wapi, nimpe ndoo akateke maji?"

Hatukuwa na jibu. Mwaka mmoja mzee huyu alikuwa miongoni mwa wale 12, na visigino vyake vina magaga ya kuweza kuficha senti. Tuliviosha bila kusema neno, naye alituachia tuvioshe. Mara nyingi tumehubiri juu ya Petro aliyekataa kuoshwa (Yohana 13), tukisifu unyenyekevu wake na kulaumu ubishi wake. Hatukuwahi kufikiri kwamba labda alikuwa na mguu asiotaka uonekane.

Sasa ni wiki ya 9. Tunatembea, ingawa jioni mguu hujaa, na tumeambiwa huenda uvimbe ukaendelea kwa miezi. Jumapili ijayo tutakuwa madhabahuni, na mtatuwia radhi kwa viatu vya wazi, vipana mbele. Mzee ndiye aliyevishona, akakataa malipo. Waliochaguliwa kwa Alhamisi Kuu wafike sakristia mapema kama kawaida. Wahudumu wasiliondoe beseni baada ya mtu wa 12. Mzee amekubali kulishika, nasi tutaketi mahali pa wa 13.